Muulize Fundi: Tairi pana nyuma, sasa shokapu zikae wapi?

SWALI

Fundi shikamoo. Mimi msomaji wenu toka enzi nipo Tanga, siku hizi niko Houston, Texas. Nina Chevrolet ya 1955, ile 210 ya milango miwili, niliinunua haina hata injini nikawa naijenga taratibu kila nikipata nafasi. Nyuma nataka nivalishe tairi 275/60R15 kwenye rimu ya inchi 8 na sitaki kukata madigadi ya nje maana uzuri wa gari hii ndo hapo hapo. Gereji moja ya huku imeshanisogezea springi za mabamba zimeingia ndani chini ya chasi, kazi yao safi sina neno, ila sasa shokapu hazina pa kukaa, pale chini kwenye bamba la yubolti zilipokuwa zinafungwa pamebanana na chasi. Wao wanasema wazilaze tu, vichwa vya juu vikutane katikati juu ya difu (ekseli ya nyuma), eti itafanya kazi tu. Mimi moyo unasita. Gari hii nitapanda na wanangu, sio ya kupeleka kwenye maonyesho na kurudisha kwenye trela. Nifanyeje?

Msomaji, Houston

JIBU

Marahaba kaka, na hongera sana kwa kuifufua hiyo chuma. Moyo wako umesita mahali pake kabisa, usikubali zilazwe hivyo. Kama springi zimekaa sawa basi kazi ngumu imeshapita, kilichobaki ni kupata pa kufungia shokapu, na hapo ndipo gari nyingi za hivi zinaharibikia, watu wanapigania upana wa tairi mpaka wanasahau kwamba bila shokapu hiyo tairi pana haikai chini, inaruka ruka tu na raba yako yote ya bei inagusa lami kwa zamu.

Tuanze na huko kulala. Shokapu inafanya kazi kwa kubanwa na kuvutwa kwa urefu wake. Ikisimama wima, difu ikipanda inchi moja na shokapu inabanwa inchi moja. Ukiilaza inabanwa kidogo kuliko hapo, halafu hata hiyo nguvu kidogo inayotoa haiendi yote juu na chini, nyingine inasukuma pembeni, kwa hiyo hasara inakupiga mara mbili. Ukilaza nyuzi 10 kutoka wima unabaki na kama asilimia 97 ya nguvu yake, hapo hujapoteza kitu. Nyuzi 20 unabaki na 88. Nyuzi 30 ni 75. Ukifika nyuzi 45 umebaki na nusu, yaani umenunua shokapu mbili unatumia moja. Na kama kweli vichwa vinakutana katikati juu ya difu basi mimi nina hofu hao jamaa wameshaipita hata hiyo 45. Kibaya zaidi, kichwa cha juu kikiwa ndani na cha chini kikiwa nje, kadiri difu inavyopanda ndivyo shokapu inavyozidi kulala, kwa hiyo ukigonga shimo, saa ile ile unayoihitaji ndo saa inakuwa dhaifu kuliko zote. Gari ya kutembea na familia mimi naweka mwisho nyuzi 20, na 25 kama kweli umebanwa hakuna njia nyingine.

Kuna jambo la pili ambalo gereji nyingi hazilisemi. Hata ukizisimamisha wima kabisa, ukizisogeza ndani sana unapoteza kitu kingine. Tuta la barabara nzima, tairi zote mbili zinapanda pamoja, hapo haijalishi shokapu iko ndani au nje. Lakini gari ikiyumba upande, mfano umekwepa kitu ghafla kwenye barabara kuu, umbali wa shokapu kutoka katikati ya difu unahesabika, na unahesabika vibaya, ukiifunga nusu ya njia kati ya katikati ya difu na tairi basi nguvu yake ya kuzuia mwili kuyumba ni robo tu ya ile ambayo ingekuwa imesimama pale pale kwenye tairi. Kwa hiyo usizipeleke ndani zaidi ya pale panapolazimu. Sogeza mpaka zipishane na chasi na springi kwa nafasi ya kupitisha vidole, basi, ishia hapo hapo.

Sasa kabla hujachomelea hata nukta moja, pima. Tairi ya kiwandani ya gari yako ilikuwa 6.70-15, upana wake ni kama milimita 170. Wewe unaleta 275. Tofauti ni 105, maana yake ukiacha katikati ya tairi pale pale ilipokuwa, kila upande unaongezeka zaidi ya sentimita 5, ndani 5 na nje 5, na nje 5 hizo huna kwenye madigadi ya 1955 yasiyokatwa, ndiyo maana rimu inabidi iingie ndani na ndiyo maana springi zikahamishwa. Tafadhali usinunue rimu kwa kukisia. Kupima anza na uso wa ngoma ya breki pale rimu inapokaa, toka hapo mpaka springi upande wa ndani, kisha toka hapo mpaka ukingo wa madigadi kwa nje, na upime pande zote mbili za gari maana bodi za miaka hiyo hazilingani, kushoto na kulia kupishana milimita kadhaa ni kawaida kabisa na unaweza kukuta hata difu yenyewe haiko katikati. Chukua upande uliobana ndo uwe kipimo chako. Kati ya tairi na springi acha walau milimita 12, kati ya tairi na madigadi acha 20 au 25 kwa sababu kwenye kona difu inaenda pembeni, bushi zinakubali na mabamba yenyewe yanapinda kidogo, na tairi nayo tumbo lake linatoka nje. Ukipata nafasi azima tairi na rimu halisi za saizi hiyo uzivalishe, upana ulioandikwa ubavuni sio lazima uwe ule utakaoupata, unabadilika kufuata upana wa rimu.

Halafu gari ipande kwenye stendi ngumu chini ya chasi, shokapu hazipo, jeki chini ya difu. Pandisha mpaka difu iguse raba ya kugongea, ile inayozuia difu isigonge chasi. Hapo zungusha tairi kwa mkono, chungulia kila pembe na tochi. Kisha pandisha upande mmoja tu ule mwingine ukining'inia, manake tairi ikilala kiupande inaingia mahali ambapo ikiwa sawa haiingii. Wengi wanapima gari ikiwa imesimama sawa barabarani, wanafurahi, siku ya kwanza wakibeba watu nyuma tairi inaanza kulia.

Ukiwa hapo hapo na jeki ndo unapata vipimo vya shokapu mpya. Weka alama unapotaka kufunga juu na chini, pima kati ya alama hizo mara tatu: difu ikiwa imegonga raba juu, ikiwa kwenye kimo cha kawaida cha kuendeshea na uzito wote wa gari umekaa, na ikiwa imening'inia mpaka mwisho. Tuseme umepata inchi 13 na nusu, 17, na 20. Basi tafuta shokapu ambayo ikibanwa kabisa ni fupi kuliko 13 na nusu, mimi napenda ibaki na nusu inchi ya akiba, na ikivutwa yote ni ndefu kuliko 20. Usianze kwa kununua shokapu halafu ukalazimisha mahali pa kufungia. Shokapu ikifika mwisho wake kabla ya raba ya kugongea basi shokapu ndo imekuwa raba, na hiyo inapasuka ndani au inang'oa kishikizo chake, mara nyingi kishikizo ndo kinatangulia.

Hapo sasa tumefika kwenye kishikizo chenyewe. Juu weka krosimemba mpya toka chasi hadi chasi, bomba nene au chuma cha mraba, ukuta usipungue milimita 3, na ncha zake zisiishie kuchomelewa moja kwa moja kwenye ubavu wa chasi, tanguliza bamba la kusambaza mzigo kwanza halafu bomba lichomelewe juu ya bamba. Ziko krosimemba zinazouzwa tayari kwa hizi Chevy za 1955 mpaka 1957 kwa kazi hii hii, na kwa mtu aliye Marekani mimi ningenunua kuliko kutengeneza, ila uhakikishe imetengenezwa kwa gari ambayo springi zake zimeshahamishwa, wasije wakakuletea ya springi za pale pale. Masikio ya kushika bolti yawe mawili, moja kila upande wa jicho la shokapu, ili bolti ishikwe pande mbili. Hii bolti ya kutokeza upande mmoja ikining'iniza shokapu hewani siipendi, shokapu ikisukuma inaipinda kila tuta mpaka siku inakatika. Bolti ya nusu inchi ya daraja zuri, sio ile ya dukani isiyo na alama kichwani, na sehemu yenye meno isiangukie pale masikio yanapobana, pale pakae shina zima.

Chini, vishikizo vinachomelewa kwenye bomba la difu. Hapa uwaambie mafundi wako mambo haya bila aibu. Shafti za ndani zitolewe, betri itenganishwe, na klipu ya athi ya mashine ishikwe karibu kabisa na panapochomelewa ili umeme usipite kwenye beringi. Wachomelee vipande vifupi vifupi wakibadilisha upande, waache ipoe yenyewe, wasimwage maji, maana bomba la difu likipata joto upande mmoja linapinda na difu iliyopinda inakula beringi na tairi zako mpya. Na kishikizo kisishuke chini kuliko ukingo wa rimu. Hili dogo lakini nalisisitiza, tairi ikipasuka kwenye mwendo gari inakaa kwenye rimu, na chochote kilichoshuka chini ya hapo kitapiga lami na wewe una watoto nyuma.

Wakati wako chini huko waangalie na vitu vilivyohama bila kusemwa. Bomba la ekzosi lilikuwa linapita wapi? Hozi ya breki ya nyuma inafika difu ikining'inia yote, au inavutika? Propela shafti ina nafasi chini ya krosimemba mpya difu ikipanda juu kabisa? Na pua ya difu, pale propela shafti inapofungwa, baada ya kuchomelea vikalio vipya vya springi, inaelekea wapi? Kwenye springi za mabamba pua huinuka ukikanyaga mafuta, kwa hiyo ikiwa imesimama huwa inawekwa ikiwa imeinama nyuzi chache chini ya mstari wa gia boksi. Ikikosewa utasikia mtetemo kwenye mwendo ukaanza kulaumu tairi.

Na kama ekzosi inakataa kabisa shokapu zote mbili kukaa nyuma ya difu, usiogope kuweka moja mbele ya difu na nyingine nyuma. Camaro ya 1967 ilitoka shokapu zote mbili zikiwa mbele ya difu na ikawa na tabia ya difu kurukaruka ukiondoka kwa nguvu, mwaka uliofuata, 1968, General Motors wakazipishanisha, moja mbele moja nyuma, ili zishike lile difu linapotaka kujizungusha. Ford nao walifanya hivyo kwenye Mustang zenye injini kubwa na gia za mkono. Kwa hiyo huo ni mpango wa kiwandani kabisa.

Ukimaliza, nenda barabara yenye matuta ukiwa na mzigo wa kweli, watu wawili wazima nyuma na buti lenye vitu, kisha rudi ulale chini ya gari uangalie kama kuna mahali raba imeacha alama nyeusi. Vishikizo vipige rangi nyeupe kwa miezi ya mwanzo, ufa ukianza kwenye welding nyeupe unauona kabla haujawa mkubwa.

SWALI

Fundi habari za kazi. Nina Ford Escort Mk1 niko Nakuru. Shokapu zangu za nyuma zimelala kwenda ndani, nimeona gari za rally zimesimamishwa wima zinaingia mpaka ndani ya buti. Nikifanya hivyo nitapata nafasi ya tairi pana? Sasa hivi nikiweka pana inakwaruza.

Mpenda Escort, Nakuru

JIBU

Nzuri ndugu yangu. Hapa nitakukata tamaa kidogo halafu nikupe matumaini. Kwenye Escort mara nyingi kinachokwaruza kwanza ni mdomo wa madigadi kwa nje, sio shokapu. Kwa hiyo piga chaki kwenye bega la tairi, endesha, uangalie chaki imefutika wapi kabla ya kukata chochote. Ikiwa ni mdomo wa nje, dawa ni kuukunja au kuvalisha madigadi yaliyotuna kama ya zile Escort za RS, za mwendo wa kasi, na rimu yenye ofseti sahihi, yaani umbali wa uso wa kufungia rimu toka katikati ya upana wake. Kusimamisha shokapu hakutakupa hata milimita moja pale.

Ila kwa barabara zenu kusimamisha ni jambo jema sana kwa sababu yake yenyewe. Yale yote niliyomwambia kaka wa Houston kuhusu kulala yanakuhusu, na ukizipandisha juu ndani ya buti unaweza kuvalisha shokapu ndefu zaidi yenye mwendo mrefu na mafuta mengi, haichemki haraka kwenye vumbi na makorongo. Escort ndiyo gari iliyowapa Hannu Mikkola na Gunnar Palm ushindi wa mbio za Safari Rally mwaka 1972, wakiwa wa kwanza kutoka ng'ambo kuishinda baada ya karibu miaka 20 ya wenyeji kutamba, na 1977 Björn Waldegård akarudia na Escort tena. Gari za namna ile hazikufika mwisho kwa sababu ya injini peke yake, nyuma palikuwa pameimarishwa.

Kazi yenyewe inataka heshima. Escort haina chasi ya lori, sakafu ya buti ni bati. Ukitoboa ukachomelea kikombe cha shokapu, kile cha kushika kichwa chake cha juu, juu ya bati tupu, barabara mbovu chache tu utakuta bati limechanika kuzunguka welding. Kikombe lazima miguu yake ikae kwenye reli za chini na kwenye sehemu ngumu ya tao la tairi, na vikombe viwili viunganishwe na bomba la kupita katikati ili vishikane. Kama una roll keji, yale mabomba ya kulinda watu gari ikipinduka, miguu yake ya nyuma iletwe hapo hapo. Na tenki la mafuta litoke nje ya gari kabisa kabla moto haujawashwa, kulifunika na gunia lenye maji hakutoshi, litoke.

SWALI

Assalaam alaykum fundi. Niko Muscat, nina Chevrolet Nova ya 1970. Tairi za nyuma pana zinagusa juu nikipakia watu. Rafiki kaniambia nitoe shokapu niweke zile za kujaza upepo, nyuma inapanda na tatizo linaisha. Ni kweli?

Msomaji, Muscat

JIBU

Waalaykumu salaam. Nyuma itapanda, hilo kweli, na Marekani miaka ya 1970 vijana wengi walifanya hivyo hivyo ili wavalishe tairi nene. Lakini shika hili: shokapu ya kawaida haibebi uzito wa gari, springi ndo inabeba. Ukijaza upepo, sehemu ya uzito inahama kutoka kwenye springi kwenda kwenye vishikizo vya shokapu, na Nova nyuma haina chasi nzito, kichwa cha juu cha shokapu kimefungwa kwenye bati la bodi. Bati la zaidi ya miaka 50 hilo, tena huko kwenu karibu na bahari, chumvi. Kabla ya lolote inua zulia la buti uangalie kama pana ufa au kutu kuzunguka zile bolti.

Na jingine, zile seti nyingi huja na mrija mmoja wa kujazia unaogawanyika pande mbili. Ukikata kona upepo unatoka upande uliobanwa unakimbilia upande wa pili, unaubeba huo ulioinuka tayari, gari inazidi kulala. Ukilazimika kuziweka, chukua zenye valvu mbili, kila upande wake.

Mimi ningeenda kwa springi. Mabamba ya zamani yakichoka yananyooka, pengine gari yako imeshuka tu toka kimo chake cha mwanzo. Pima toka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi kushoto na kulia gari ikiwa tupu, uniletee namba hizo pamoja na saizi ya tairi iliyoandikwa ubavuni na upana wa rimu, tutajua kama ni mabamba ya kubadilisha au ni rimu ndo imekaa nje mno.